Kiingereza Ndani ya Arobaini

Nilijua kuna jambo nyumbani pale mama alipoacha kunigombeza. Mama yangu ni mtu wa kugomba tangu alfajiri: mlango umeachwa wazi, sufuria imewekwa chini, mtoto kafunikwa mno, mtoto hakufunikwa. Nilikuwa nimerudi kwake Bagamoyo kujifungua mimba yangu ya kwanza, kama desturi yetu ilivyo, na siku za mwanzo alinigomba hata nikatamani kubeba kichanga changu nirudi kwa mume wangu Mapinga. Halafu asubuhi moja nikamwaga uji wa pilipili manga juu ya shuka jeupe, nikajikunyata nikisubiri. Mama akaokota kikombe, akafuta, akasema, "Haidhuru, mwanangu." Nikaogopa.

Kwa asiyejua, mzazi kwetu hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hulishwa vya kumrudishia nguvu, haachwi peke yake, na juu ya yote haambiwi habari mbaya. Nyumba inaweza kuungua upande wa pili, yeye ataambiwa wanachoma majani. Wazee wanaamini habari mbaya hukausha maziwa kifuani au humtia mzazi wazimu, na nimeona watu wenye digrii zao wakiishika desturi hii kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe niliwahi kumficha shoga yangu kifo cha babu yake mpaka alipotoka. Kwa hiyo sheria nilizijua. Sikujua tu zinavyokuwa ukiwa upande wa ndani wa pazia.

Simu yangu ilichukuliwa mapema. Mama alisema mwanga wake unaharibu macho ya mzazi, na mume wangu, ambaye siku nyingine hubisha hata rangi ya maziwa, akakubali mara moja akaondoka nayo. Kilichoniuma hapo ni kitu kimoja: kaka yangu. Alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo huko Ghuba, na kila Ijumaa baada ya sala alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, wa upuuzi mtupu, juu ya chakula cha melini na jinsi wenzake wanavyokoroma. Nilitaka asikie mwanangu anavyolia. Ijumaa ilipofika nikauliza, mama akasema kaka kasalimia, yuko mahali hakuna mtandao. Nikaridhika, maana meli huenda mahali hakuna mtandao.

Na kazi yangu lazima niiseme, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, na katika Kiingereza chote sipendi kitu kama maneno yanayokaribiana. Wanafunzi wangu hunichoka. Nitasimama ubaoni kipindi kizima kutenganisha "hear" na "listen": ile sauti inayokuingia masikioni utake usitake, na ile unayoitegea sikio mwenyewe. Nitatenganisha "house" na "home". Nitatenganisha "borrow" na "lend", ambayo sisi tunayabeba yote mawili kwa "kuazima" moja, na mtoto wa kidato cha pili akikosea hapo namnunia mpaka kengele. Baba anaujua udhaifu wangu huu. Miaka mingi alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli ya ufukweni, akapata Kiingereza cha kumkaribisha mgeni, kumwelekeza chooni na kumtakia safari njema. Huniita "mwalimu" kwa utani, nami humwambia Kiingereza chake ni maua matupu, hakina mizizi.

Basi siku moja akakohoa nje ya pazia, kama inavyopasa, akauliza, "Mwalimu, 'late' na 'delayed' tofauti yake nini?"

Nilifurahi sana. Mtu akifungiwa ndani hata swali ni mgeni.

"Yametoka wapi hayo, baba?"

"Kibarazani. Tumebishana."

Kibaraza cha baba na wenzake kinajulikana mtaa mzima. Hukaa pale baada ya alasiri na kahawa na kashata, wakabishana juu ya mpira, juu ya bei za viwanja, juu ya nani alizaliwa kabla ya nani. Kubishana kwa Kiingereza kulikuwa kupya, lakini wazee wale hawashindwi na kitu. Nikatoa sauti yangu ya darasani. "Late" ni kuchelewa tu, nikasema, huenda kwa uzembe wa mtu mwenyewe, kama nilivyokuwa mimi na chuo cha Kurani cha asubuhi nilipokuwa mdogo. "Delayed" ni kucheleweshwa. Kuna kitu kimemshika njiani.

"Basi kuna kitu," akasema baba.

"Lazima kiwepo."

Nikasikia kandambili zake zikiondoka taratibu.

Aliyekuwa akinichemshia maji ya kukandwa ni mke wa kaka yangu. Walikuwa hawajamaliza hata miaka miwili ya ndoa, hawajapata mtoto, na kaka alipokwenda baharini alimwacha kwa wazazi wetu. Wifi yangu ni mtu wa kicheko, na utani wetu ulikuwa mkali hata wageni walidhani tunagombana. Alisema mwanangu kachukua pua ya mumewe, na pua ile inatosha nyumba moja tu, nyumba mbili ni kufuru. Siku ile ya "delayed" alileta maji, akapima joto kwa kiwiko, akamimina bila neno. Nikamchokoza mimi, nikamuuliza leo kameza nini. Akasema kichwa kinamuuma. Kata ilimponyoka, maji yakanichoma goti, na mama aliyekuwa pale pale hakumgomba yeye pia.

Baada ya siku chache baba akarudi, safari hii akaingia kabisa, akaketi kwenye kigoda na kumpakata mjukuu wake. Alimtazama mtoto lakini macho yake hayakuwa kwa mtoto.

"'Missing' na 'lost'," akasema. "Nieleze vizuri."

"Bado mnabishana?"

"Bado."

Nikamwambia achukue mfano wa kuku wa jirani. Jioni wanaingizwa bandani, mmoja hayupo. Huyo ni "missing": hayuko mahali alipotakiwa kuwa, na watu wameliona pengo lake. "Lost" imekwenda mbali zaidi. Ama kuku mwenyewe hajui alipo, ama mwenye kuku katafuta mpaka amekata tamaa.

"Kwa hiyo 'missing' bado anatafutwa."

"Anatafutwa."

"Na anayemtafuta ana tamaa ya kumpata."

"Baba, huyu ni kuku."

"Nijibu."

"Ana tamaa."

"Alhamdulillahi," akasema baba, kwa nguvu iliyomshtua mtoto akaanza kulia. Mimi nikacheka. Nikamuuliza nani kashinda ubishi, akasema hajashinda mtu bado, akanirudishia mtoto akatoka.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na adabu iliyonitisha. Hakuna aliyepiga kelele uani. Redio ya mama, ambayo hulia hata ikiwa haina kituo, ikanyamaza. Wanawake waliokuja kumwona mtoto walinishika mkono, halafu wakachelewa kuuachia. Mmoja, jirani yetu wa tangu utoto wangu, akaniambia "pole" mahali pa "hongera", na mama akaruka kutoka alipokuwa: "Pole ya uchungu wa uzazi, maana alipata tabu kweli huyu." Sikuwa nimepata tabu. Mtoto alikuja mapema mchana, na mkunga akawahi kwenda kula.

Mume wangu alipokuja kunitazama nikamdai simu. Akasema kioo kimepasuka, iko kwa fundi. Mume wangu hana kipaji cha uongo. Akidanganya hujikuna sikio. Siku ile alijikuna sikio mpaka nikamwonea huruma, nikaanza kumweleza habari za kitovu cha mtoto ili apate pa kupumzikia. Alipoondoka nilikaa nikijiuliza ni nini hiki ambacho watu wote wananizunguka nacho. Nilidhani labda nyumba yetu ya Mapinga imeibiwa. Nilidhani labda mume wangu ana mke mwingine, na kwa kweli nilianza kumtafuta huyo mwanamke kichwani, nikampata hata sura. Mtu aliyefungiwa huokota hofu iliyo karibu, na hii ilikuwa karibu.

Kisha likaja swali la tatu. Ilikuwa mchana, nami nilikuwa nimelala ubavu nikinyonyesha. Baba alisimama nje ya pazia, hakuingia.

"'Assume' na 'presume'."

Nakiri nilisisimka. Haya ni maneno ambayo hata walimu wenzangu huyachanganya, huyatumia kama pacha.

"Kibaraza chenu sasa kimekuwa chuo kikuu!"

Hakucheka. Nikaketi vizuri, nikafundisha. Nikamwambia yote mawili ni kudhani, lakini hayana uzito mmoja. Mwanafunzi hajaja shule, nawe huna habari yake yoyote, ukasema anaumwa: hiyo ni "assume", dhana tupu, umejiokotea. Lakini kama jana ulimwona anatetemeka kwa homa, na leo hakuja, ukasema anaumwa, hiyo ni "presume". Hujathibitisha, lakini una sababu.

"Na wakubwa wakilitumia? Wakisema wame-presume?"

"Wakubwa ndio hasa wenye neno hilo. Hata mahakama hulitumia. Maana yake jambo litachukuliwa kuwa kweli, na watu watalifanyia kazi hivyo, mpaka aje mtu wa kuonyesha vingine."

"Mpaka aje mtu."

"Ndiyo."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja," nikasema, nami nilikuwa nikitabasamu kwa raha ya somo lililoeleweka, "basi limeshakuwa."

"Ahsante, mwalimu," akasema baba. Safari hii neno hilo halikuwa na utani ndani yake. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini kwenye saruji, hapo hapo nyuma ya pazia, na hatua nyepesi zikienda haraka kuelekea uani. Sikuwa nimejua kwamba wifi alikuwa amesimama naye.

Kesho yake maji ya moto aliyaleta mtu mwingine. Mama akasema wifi kaenda kwao Mlingotini, mama yake anaumwa. Alasiri nikasikia mabusati yakiburutwa nyumba ya jirani, watu wengi wakivua viatu, kisha harufu ya ubani ikaja mpaka kitandani kwangu. Wanaume wakaanza kusoma Yasini. Nikamuuliza mama hitima ya nani, akasema ya marehemu mmoja wa jirani, wamemkumbuka. Alijibu akikunja nepi, akaikunja ile ile mara nyingi. Dua ilipoombwa sauti zilipita ukutani wazi kabisa, nami nikanyanyua mkono mmoja usio na mtoto, nikaitikia amin kila walipoitikia.

Nilivyokuja kujua hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimelala nikiwaza shule, nikasema maneno aliyoniletea baba yangefaa kwa zoezi. Nikaanza kulitunga kichwani, kama ninavyoandika ubaoni, sentensi zenye nafasi za kujaza. Sentensi ya kwanza ilihitaji kitu cha kucheleweshwa, nikaweka meli. Ya pili ilihitaji mtu asiyeonekana mahali pake, nikaweka baharia. Ya tatu nikaanza na "presumed", na baada ya neno hilo, ukizungumzia baharia, Kiingereza kina neno moja kinalolipenda kuliko yote. Sikuliandika. Nilikaa nikitazama nafasi niliyoiacha wazi.

Maziwa hayakukauka. Hilo nitawaambia wazee mpaka nife. Yalitoka vile vile, mengi, yakalowanisha kanga, nami nilichukia jambo hilo kuliko nilivyowahi kuchukia kitu. Kaka yangu hayupo na mwili wangu haukujali, ulikuwa unampikia mtoto.

Sikuuliza. Nilijua nikiuliza watakana, na sikutaka kumwona baba yangu akikana. Nilijua pia nikilia mbele ya mama ataona arobaini yangu imevunjikia mikononi mwake. Nami, niseme kweli, nilikuwa na hila yangu: maadamu hakuna aliyefungua kinywa, kaka alikuwa bado yuko mahali hakuna mtandao. Kwa hiyo tukafichana, wao kule, mimi huku. Nilikula nilichopewa. Nilicheka mahali pa kuchekea. Mama alianza kunitazama kwa wasiwasi, maana na mimi nilikuwa nimeacha kumjibu vibaya.

Siku ya arobaini mtoto alinyolewa, akatolewa nje akaonyeshwa jua. Watu walipopungua, shangazi yangu akanishika mkono akaniingiza chumbani, na baba akafuata. Shangazi alikuwa amekuja na bakuli la maji, akaliweka karibu. Nikamwambia baba, kabla hajaketi, "Meli ilizama wapi?"

Shangazi akatoa sauti ndogo. Baba aliketi chini sakafuni, si kwenye kiti.

Ilizama kwenye tufani, akasema. Baadhi ya mabaharia waliokolewa, kaka hakuwa miongoni mwao. Mtu wa kampuni alikuwa akipiga simu ya baba na kuzungumza Kiingereza, na baba aliyasikia maneno vizuri, ila hakujua uzito wake. Wangeweza kumuuliza mtu mwingine. Lakini Bagamoyo habari haihitaji miguu, na wachache waliojua walishaanza kuteleza ulimi, wakahofia itanifikia kabla ya adhuhuri. Utafutaji uliposimamishwa, wenye meli wakalitumia neno lile la mwisho, "presumed". Baba akaenda nalo kwa shehe, na shehe akamuuliza swali moja: hawa watu wana shaka, wana dhana, au wana yakini? Maana mke wa mtu aliyepotea humngojea, na mke wa mtu aliyekufa hukaa eda, miezi minne na siku kumi ndani, hajipambi, haposwi. Baba akaja kulitafuta jibu kwenye pazia langu, na wifi akaja naye kusikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Baba alirudi kwa shehe akamwambia: ni dhana yenye sababu, ya kufanyiwa kazi mpaka aje mtu wa kuonyesha vingine. Kaka akasaliwa sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Hitima niliyoiitikia ilikuwa yake, na mkewe akaingia eda siku hiyo hiyo kwao Mlingotini.

Nilipiga kelele. Nilimwambia baba mtu hazikwi kwa mfano wa mtoto mwenye homa.

"Hukumzika wewe, mwanangu," akasema. "Ulitafsiri tu."

"Sikutafsiri! Nilifundisha! Ungeniambia ni nani, ningetafsiri!"

Baba alifunika uso kwa kofia yake. Shangazi akaninawisha uso kwa maji ya bakuli, kwa nguvu, kama anayemwogesha mtoto mkaidi, na mama akasimama mlangoni akinitazama kifua, akingoja kuona kama maziwa yatakatika.

Nilikwenda Mlingotini baada ya hapo, na mwanangu mgongoni. Njia nzima nilikuwa nikipanga cha kumwambia wifi, na nilipofika sikuwa na hata kimoja. Nilimkuta mama yake uani akigeuzageuza mwani uliotandazwa kukauka. Mzima wa afya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yumo ndani. Hali, halali, na halii. Bora angelia."

Chumba kilikuwa na dirisha dogo lililofungwa nusu. Wifi alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejifunga kanga nyeupe, hana hereni, hana wanja, kichwa chake kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Alinyoosha mikono, nikampa mtoto. Alimtazama pua kwa muda mrefu na hakusema kitu juu yake. Nilikaa. Nje nilisikia mwani ukikwaruzwa, kisha ukaachwa, kisha ukakwaruzwa tena.

"Wifi," akasema, "shehe alinisomea masharti ya eda, nikamsikia. Baba akaniambia niwe na subira, nikamsikia. Lakini mimi sikuingia humu kwa neno la shehe wala la baba. Niliingia kwa neno lako. Nilikuwa nimesimama pale."

"Nilijua baadaye."

"Ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa sijui, wifi."

"Ndiyo. Ulikuwa hujui. Ulikuwa unamsema mwanafunzi wa shule." Alimpakata mtoto upande wa pili. "Tangu siku ile nangoja utoke arobaini yako. Watu wote wanaoniambia amekufa wameambiwa na mtu. Wewe ni ndugu yake, na neno unalijua. Sasa umeshajua ni nani aliyekuwa anasemwa. Niambie. Ungelijua ni yeye, ungelisema vile vile?"

Nilikuwa na maneno mengine. Niliyaona yote yamepangana mbele yangu, laini, yenye milango, na kila moja ningeweza kulitetea mbele ya mwalimu yeyote. Mwanamke yule alikuwa ananitazama mdomo. Kama ningelisema moja katika hayo angeliamini, angetoka kwenye mkeka ule akamngojea kaka yangu mpaka azeeke, na hakuna shehe ambaye angemgeuza. Nilimpenda, na nilitamani mno kumpa.

"Ningelisema vile vile," nikasema.

Alinitazama kidogo zaidi, kana kwamba anataka kuhakikisha nimemaliza. Kisha akaniwekea mtoto mapajani, taratibu, akamfunika miguu, akajiinamia, na sauti iliyomtoka ilimwamsha mwanangu na kuwanyamazisha waliokuwa uani wote. Nilimshika mabega nikalia naye. Mama yake akaja mbio, mikono bado imejaa mwani, akasimama kizingitini akituona. Wanawake wengine walipotaka kuingia akawazuia, akawaambia wamwache mtoto wake, ndiyo kwanza anafiwa.